Uzi wa A umekufa, D inanguruma: usikimbilie pikapu mpya ya besi

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye bendi ya zilipendwa hapa Morogoro. Gitaa langu ni la muundo wa Precision wa Fender, nyuzi nne (E ndiyo nene kabisa, kisha A, D na G), pikapu moja, yaani kinasa mlio cha sumaku kilicho chini ya nyuzi, iliyogawanywa vipande viwili. Miaka yote nimetumia nyuzi za raundi, unene wa 40 hadi 95. Mwezi uliopita ndugu yangu aliniletea nyuzi za flati kutoka nje, seti ya 45, 65, 80 na 100, nikazifunga mwenyewe. Nimependa zinavyoteleza mkononi na ule mlio wa zamani, lakini hazilingani hata kidogo. D inanguruma kuliko zote. G ni nyembamba. E imelegea, na kwenye spika inapotea. A ndiyo mbaya zaidi: ikipigwa wazi inasema "dubu" halafu kimya. Nimezungusha vitufe vyote vya amplifaya bila mafanikio. Fundi mmoja wa hapa ameniambia pikapu imechoka, ninunue nyingine. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue. Kwa ulivyoeleza, una matatizo kadhaa tofauti yaliyoingia siku moja kwa sababu nyuzi zilibadilishwa siku moja, na sioni hata moja ambalo pikapu mpya italitibu.

Nina sababu ya kusema hivyo bila kulishika gitaa lako. Pikapu ya Precision, tangu muundo wa vipande viwili ulipoanza mwaka 1957, iko hivi: kipande cha upande wa shingo kinasikiliza E na A, na cha upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kinasikiliza D na G. Kila kipande kina koili moja, yaani waya mmoja mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku nne, mbili kwa kila uzi. Koili ikiharibika haichagui uzi. E na A zingedhoofika pamoja, kwa namna ile ile. Kwako A inakata haraka na E inalegea, hayo ni maradhi mawili. Ukitaka kuondoa shaka, chomeka gitaa, punguza sauti ya amplifaya iwe ndogo, kisha gusa kwa ncha ya bisibisi juu ya kila sumaku, zote nane, moja moja. Utasikia "tok". Kama zile "tok" nane zinakaribiana kwa ukubwa, pikapu ni nzima.

Sasa tuelewe nini kimebadilika. Uzi wa raundi umezungushiwa waya wa mviringo, una matuta, na kila ukiupiga unatoa mlio mwingi wa juu: ule mwangwi wa kengele, kidole kinachokwaruza, chuma kinachogonga freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Sikio linautumia mlio huo wa juu kuitambua noti, hata pale ambapo noti yenyewe ya chini ni dhaifu. Uzi wa flati juu kabisa umevikwa utepe bapa wa chuma, laini kama mgongo wa kisu. Mlio wa juu unapungua sana, inabaki noti tupu. Tofauti ambazo zamani zilikuwa zimefunikwa sasa ziko uchi. Inawezekana kabisa D yako ilikuwa kubwa kuliko G hata enzi za raundi, ila hukupata nafasi ya kuisikia.

Hii ndiyo sehemu kubwa ya habari ya E pia. E wazi inatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika nyingi ndogo za mazoezi huanza kuchoka zikishuka chini ya Hz 80 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Kwa nyuzi za raundi ulikuwa unaisikia E kupitia mlio wake wa juu, Hz 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo ukajaza pengo lililobaki. Kwa flati ule wa juu umepungua, na ule wa chini spika haiwezi kuutoa. Kwa hiyo usimhukumu E kabla hujamsikiliza kwa hedifoni nzuri au kwenye spika kubwa ya ukumbini. Nimeona wapigaji wakihangaika na gitaa wiki nzima, kumbe siku ya onyesho, kwenye spika za inchi 15, E imejaa tele.

Kabla ya kushika chombo chochote, fanya jaribio hili, kwa sababu ndilo linaloamua njia. Kaa mahali pa kimya, usichomeke waya, weka sikio au taya yako kwenye pembe ya mwili wa gitaa. Piga noti ya D sehemu tatu: uzi wa D ukiwa wazi, uzi wa A freti ya 5, uzi wa E freti ya 10. Ni noti ile ile, kwa hiyo masikio yako hayana kisingizio. Kisha noti ya G: uzi wa G wazi, D freti ya 5, A freti ya 10. Piga kwa nguvu sawa na uhesabu inadumu kwa muda gani. Uzi ukiwa dhaifu hapa, bila umeme, tatizo liko kwenye uzi wenyewe, mahali unapokalia, au kwenye shingo. Zikilingana hapa na kutofautiana kwenye amplifaya, tatizo liko kwenye umbali wa pikapu, spika au chumba. Andika majibu kwenye karatasi. Nakusihi usiruke hatua hii. Wengi huiruka, halafu wanarekebisha pikapu ili kuficha uzi uliofungwa vibaya, na wiki mbili baadaye wanarudi walikotoka.

Tuanze na A, mgonjwa mahututi. Umesema anakata "akipigwa wazi", na neno hilo limenisaidia sana. Bonyeza A freti ya 2, upige. Halafu freti ya 5, halafu ya 7. Kama akibonyezwa analia vizuri na akiachwa wazi anakufa, basi uzi ni mzima na kosa liko kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachotenga shingo na kichwa. Kama anakufa kote, wazi na kwenye freti zote, angalia uzi wenyewe na upande wa daraja.

Kwenye nati kuna mambo mawili. La kwanza ni mfereji. Mifereji yako ilichongwa au imezoea nyuzi za 40 hadi 95, na sasa umeingiza uzi mnene zaidi, tena mgumu, usiopindika kirahisi. Ukiwa umekaa juu ya kingo za mfereji badala ya kulala chini yake, hauna pa kuegemea na nguvu yake inaliwa pale pale. Chukua tochi ya simu, angalia kutoka upande wa kichwa. Ukiona mwanga chini ya uzi ndani ya mfereji, ndiyo hiyo. Dalili nyingine: ukiwa unakaza uzi, sauti haipandi taratibu, inaruka kwa "tik". Hapo mfereji unahitaji kupanuliwa kidogo kwa tupa ya nyuzi ya unene huo, pembeni tu. Usiguse kina chake. Mfereji uliopanuka hauna shida kubwa, ila uliozama unakugharimu nati mpya. Kama huna tupa ya namna hiyo, mpelekee fundi na umwambie maneno hayo hayo: "panua, usizamishe". Chora ndani ya mfereji kwa penseli laini ukimaliza, unga wake unateleza.

La pili ni pembe ya uzi unapotoka kwenye nati kwenda kwenye kigingi cha kukazia, na hapa A ana bahati mbaya ya kuzaliwa. Kwenye vichwa vya aina hii, vigingi vyote vinne vikiwa mstari mmoja, kuna kile kidude cha chuma kinachokandamiza D na G. E yuko karibu na nati, pembe yake inatosha. A hakandamizwi na chochote na kigingi chake kiko mbali, kwa hiyo anapita juu ya nati karibu sawa na ubao. Uzi wa raundi, kwa kuwa unapindika, unavumilia. Wa flati ni mgumu, hauvumilii. Dawa ni mizunguko ya kigingini: uzi wa A uzunguke kama mara tatu, kila mzunguko ukienda chini ya uliotangulia, mpaka wa mwisho ukae karibu na mbao ya kichwa. Kama wako umezunguka mara moja na nusu juu juu, ndio ugonjwa huo. Ulegeze, sukuma mizunguko iliyopo ishuke chini kwa kidole gumba huku ukikaza tena. Kama mkia ulikatwa mfupi mno, fundi anaweza kumfungia A kikandamizi chake peke yake. Ni kidude kidogo na cha bei nafuu.

Kama A anakufa kote, nakuuliza: ulimkata kabla ya kumkunja? Nyuzi nyingi za flati, hasa zenye kiini (waya wa ndani) cha mviringo, utepe wake umeshika kiini kwa msuguano tu. Ukizikata kwa koleo zikiwa zimenyooka, utepe unalegea kuanzia kwenye mkato na kulegea huko kunasafiri. Njia sahihi ni kupitisha uzi, kupima kama sentimita 12 zaidi ya kigingi chake, kuukunja kwa pembe mraba kwa koleo, kisha kukata nje ya mkunjo. Miaka yangu ya mwanzo niliua uzi wa A wa mzee mmoja kwa namna hiyo, uzi mpya kabisa, aliousubiri miezi mitatu. Ulikuwa ukilia kama kamba ya katani. Nilimlipa, lakini kumpatia mwingine kulichukua muda mrefu, na uso wake siku ile bado naukumbuka kila ninaposhika koleo. Pitisha ukucha taratibu kwenye uzi mzima, kuanzia daraja mpaka nati. Utepe mzima unateleza kama glasi. Mahali ukucha unapokwama, utepe umefunguka, na uzi huo hauna matibabu.

Kuna kosa la tatu linalofanana na hilo lakini lenye matibabu: uzi uliosokoteka. Kama ulizungusha uzi kwa mkono kwenye kigingi badala ya kuzungusha kigingi chenyewe, kila mzunguko uliuingizia msokoto. Ulegeze mpaka kile kipira cha mwishoni, kule darajani, kiweze kuzunguka chenyewe. Mara nyingine utakiona kikijigeuza kama nusu au mzunguko mzima, hapo ndipo msokoto unapotoka. Kisha kaza upya ukizungusha kigingi tu.

Jambo dogo linalosahauliwa, na ningelifanya la kwanza kwa nyuzi zote nne maana halina gharama: uzi wa flati haupindi vizuri juu ya sadeli, kile kiti cha uzi pale darajani, unachora tao dogo kama mgongo wa daraja la miguu. Urefu halisi wa uzi unaanza mahali pasipoeleweka, na mlio unakuwa wa kizibo. Uzi ukiwa umekazwa kwenye sauti yake, weka kidole gumba mbele kabisa ya sadeli, ukandamize chini kwa upole mara moja. Fanya hivyo na mbele ya nati. Utaona uzi umelala. Tyuni tena, sauti itakuwa imeshuka kidogo. Wapo niliowafanyia hilo tu wakadhani nimewabadilishia nyuzi.

Na uangalie kitambaa. Nyuzi nyingi za flati zimevikwa uzi wa rangi kwenye ncha ya kigingini, na baadhi hata kwenye ncha ya kipira. Kitambaa kinatakiwa kianze baada ya nati, upande wa kichwa, na upande wa pili kiishie kabla ya sadeli. Kikipanda juu ya nati au sadeli kinazima mlio kama kipande cha blanketi. Hapo ujue urefu wa nyuzi hizo na wa gitaa lako haviendani.

Nimesema chumba, nisikuache hapo hewani. Unafanya mazoezi kwenye chumba, bila shaka cha kawaida chenye upande wa mita tatu na kitu. A wazi ni Hz 55, na wimbi lake lina urefu wa mita sita na robo hivi. Nusu yake ni mita tatu na kidogo. Chumba chenye ukuta na ukuta wa kutazamana kwa umbali huo kinalikamata wimbi hilo: karibu na kuta linafura, na katikati ya chumba linafutika. Yaani ukisimama katikati, pale ambapo mpiga besi husimama, A wazi anaweza kutoweka hata kama gitaa ni zima. Rekodi A wazi kwenye simu, icheze kupitia spika yako ijirudie, utembee polepole kutoka katikati mpaka ukutani. Ikiongezeka nguvu ukifika ukutani, chumba nacho kina mkono wake kwenye kesi hii. Hakuna nati wala pikapu itakayoponya ukuta. Sogeza amplifaya, sogea wewe.

Sasa D, E na G. Hapa nataka tuchukue kalamu, kwa sababu seti yako yenyewe inasema kitu.

Nyuzi zilizotengenezwa kwa namna moja na zenye urefu mmoja, mvutano wake unafuata unene ukizidishwa kwa marudio ya noti, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe. Namba 45 au 65 ni unene kwa sehemu za elfu moja za inchi. G wazi ni Hz 98, D ni 73.4, A ni 55, E ni 41.2. Zidisha: G ni 45 mara 98, inakuja 4,410. D ni 65 mara 73.4, inakuja 4,771. A ni 80 mara 55, inakuja 4,400. E ni 100 mara 41.2, inakuja 4,120. Umeona? G na A ni ndugu mapacha. D ameruka juu, E ameanguka chini. Ukizidisha kila moja kwa yenyewe na kulinganisha na G, D ana mvutano wa karibu asilimia 17 zaidi, na E karibu asilimia 13 pungufu. Kwa hiyo D kunguruma na E kulegea vilikuwa ndani ya pakiti kabla hujaifungua.

Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu kiini na utepe hugawana unene kwa namna tofauti kutoka uzi hadi uzi. Kama pakiti imeandikwa mvutano wa kila uzi kwa kilo au ratili, iamini pakiti kuliko mimi. Lakini seti ya 45, 65, 80, 100 ni ya kawaida sana sokoni, na malalamiko kwamba D inazidi na E inalegea nayasikia zaidi kwa waliofunga seti hiyo. Badilisha D awe 60: 60 mara 73.4 ni 4,404. Badilisha E awe 105: ni 4,326. Tazama zinavyokaribiana. Kampuni kadhaa huuza nyuzi moja moja, kwa hiyo ndugu yako akisafiri tena, usimwagize seti nzima. Mwagize D moja ya 60 na E moja ya 105 za chapa ile ile na aina ile ile, maana kuchanganya chapa kunaleta tofauti nyingine ya mlio juu ya hii tunayoifukuza. Madukani kwetu hata seti kamili ya flati hupatikana kwa bahati, sembuse uzi mmoja.

Mpaka hizo zifike, pikapu ndiyo itakayokusaidia, nayo ni rahisi kuliko unavyodhani. Utahitaji bisibisi ya nyota na kadi zako za benki. Sitanii kuhusu kadi: kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, dunia nzima, ukipima sehemu isiyo na namba zilizochomoza. Kadi nne ni milimita tatu, kadi tatu ni mbili na robo hivi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho kabisa, ingiza kadi kati ya uzi na sumaku. Anza na kadi nne kwa upande wa E, ziingie bila kusukuma uzi. Kisha kipande cha D na G: anza na kadi nne chini ya D pia, na tatu chini ya G.

Skrubu za kila kipande ukizikaza kwenda kulia kinashuka, ukizilegeza sponji iliyo chini inakisukuma kipande juu. Zungusha robo mzunguko kwa wakati, skrubu zote mbili za kipande sawa sawa, upige, usikilize, ndipo uendelee. Kwenye magitaa ya umri sponji hiyo huwa imelala kama chapati: unalegeza skrubu na kipande hakipandi. Kata sponji mpya, hata ya godoro ngumu inafaa. Na kwa kuwa D na G wako kwenye kipande kimoja, skrubu peke yake haiwezi kumshusha D huku ikimpandisha G. Fanya hivi: shusha kipande kizima mpaka D alingane na A, kisha ongeza kipande kidogo cha sponji chini ya ncha ya upande wa G ili ncha hiyo iinuke. Tofauti ya milimita moja inasikika wazi kabisa, kwa hiyo usiwe na pupa.

Upande wa E usivutike kupandisha pikapu mpaka iguse uzi. Sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi wenyewe: noti inayumba, inakata mapema, na ukibonyeza juu kwenye freti za 12 kwenda mbele tyuni inakuwa ya ulevi. Chini ya kadi tatu kwa E sikushauri kabisa.

Shingo nayo uiangalie, haraka tu. Flati kwa kawaida huvuta kuliko raundi, na wewe umepanda pia unene, kwa hiyo shingo imejikunja mbele zaidi ya ilivyokuwa. Bonyeza uzi wa E freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia mwanya chini ya uzi kwenye freti ya 7 au 8. Uwe kama milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara. Kadi ya benki ikipita pale bila kuguswa, shingo imejikunja kupita kiasi na fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inahitaji kukazwa kidogo. Kama hujawahi kuigusa fimbo hiyo, mpe fundi. Na rekebisha shingo kabla ya pikapu, vinginevyo vipimo vyako vya kadi vitahama.

Ukishamaliza hayo, zipe nyuzi muda. Flati mpya zina mng'ao ambao hupungua ndani ya wiki kadhaa za kupigwa, na si zote nne zinatulia kwa kasi moja: G, kwa kuwa ni nyembamba, mara nyingi hubaki na ukali muda mrefu zaidi. Habari njema ni kwamba flati hudumu. Jasho halina mifereji ya kujificha, unafuta kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga na kazi imekwisha. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi mno za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye flati nene za chapa ya La Bella, na anajulikana kwa kutopenda kubadilisha nyuzi mpaka zikatike. Alikuwa pia na sponji chini ya kifuniko cha daraja iliyofupisha kila noti. Nakutajia hilo kwa sababu wapiga zilipendwa wengi wanaweka sponji darajani kutafuta mlio huo. Kama nawe umeweka, itoe kabla ya majaribio yote niliyokuambia. Sponji inayobana A kuliko D inatengeneza ugonjwa ule ule ulionielezea, na tutakuwa tumetafuta mchawi bure.

Na mkono wako. Ulizoea kuchota raundi kwa nguvu ili zilie. Flati ikipigwa hivyo, hasa E iliyolegea, inagonga freti, inapanda sauti mwanzoni kisha inarudi, na nguvu yote inaishia kwenye kishindo cha kwanza. Piga nusu ya nguvu uliyozoea, ongeza sauti kwenye amplifaya. Ukienda E, sogeza vidole sentimita tatu au nne kuelekea darajani, ambako uzi una ugumu zaidi chini ya kidole.

Kuna kitu kimoja utakikuta mwishoni ambacho hakitaisha, na sitaki kikuvunje moyo. Nyuzi zote zikilingana, piga uzi wa G freti ya 5, ya 6, ya 7, taratibu, kila moja uiache ilie mpaka mwisho. Kwenye magitaa ya muundo huu, mara nyingi moja kati ya hizo inakata haraka kuliko jirani zake. Hapo shingo yenyewe inatetemeka kwa marudio yanayokaribiana na noti hiyo, inainyonya nguvu. Ili uamini, mwombe mwenzako ashike kichwa cha gitaa kwa nguvu huku unaipiga noti ile, utasikia inadumu zaidi au ugonjwa unahamia freti ya jirani. Wako wanaofunga uzito mdogo kichwani kuihamisha mahali wasipopatumia sana, na inasaidia kiasi. Kama inayokufa kwako ni C ya freti ya 5, na wimbo unataka C ndefu, ichukue kwenye uzi wa D freti ya 10. Ni C ile ile, na kwenye flati mlio wake pale ni mnene na mtamu zaidi.